Darasa Limefeli: Ni Mbaazi au Ni Jua?

BARUA

Shikamoo, Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Wiki mbili hizi usingizi umenipaa, na kila ninayetaka kumweleza naona nitaonekana ama najitetea ama najidhalilisha. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mwisho wa muhula darasa langu la wanafunzi 43 lilifanya mtihani wa aljebra. Walifeli 26. Wala si kufeli kwa kukosa alama moja au mbili. Wapo walioambulia 6 kwa 100. Mkuu wa shule akaniita nieleze. Nikampa jibu ambalo walimu wote tunalo mfukoni: watoto hawajitumi, hawafanyi mazoezi ya nyumbani, simu zimewateka. Akaitikia kwa kichwa, yakaisha. Kwenye chumba cha walimu mwenzangu mmoja akanituliza kwa methali: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Waache waseme watakayo, wewe ulifundisha." Nilitoka pale nikijiona mtu aliyeonewa.

Basi nikataka ushahidi. Nilidhani nikiwauliza wenyewe watakiri uvivu wao. Alama zilikuwa zimeshabandikwa. Siku ya kufunga shule nikawagawia vikaratasi, nikawaambia wasiandike majina, kila mtu aeleze tu kwa nini amepata alama aliyopata. Nikatoka nje ili wasiniogope.

Nimevisoma vikaratasi hivyo sijui mara ngapi. Waliofaulu karibu wote wameandika "nilisoma kwa bidii" au "hesabu naiweza". Hakuna hata mmoja aliyesema nilimfundisha vizuri, na sitakuficha, liliniuma. Waliofeli ndio walioandika mengi. "Mwalimu anakwenda mbio." "Maswali ya mtihani hayakufanana na ya darasani." "Bahati mbaya, niliyoyasoma hayakutoka." "Kwetu hakuna mwenye kichwa cha hesabu, hata mama anasema alikuwa kilaza." Watatu tu ndio waliosema hawakusoma. Mmoja ameandika kwa herufi kubwa: "NILIKESHA SIKU TATU. SIJUI."

Na kipo hiki, ambacho nakinukuu kizima: "Nilipofeli lile zoezi la kwanza uliniwekea mkono begani ukasema usijali, hesabu si ya kila mtu, wewe una kipaji cha kuchora. Tangu siku hiyo hukuniuliza tena swali. Nikajua umeshajua."

Shangazi, nilijaribu kukumbuka ni nani nikashindwa, kwa sababu maneno hayo nimewaambia wengi. Niliyasema kwa huruma. Nilidhani namwondolea mtoto mzigo.

Sasa nisaidie. Kwanza, kati yangu na wao nani mkweli? Pili, karatasi zao za mtihani bado ninazo kabatini, nitazirudisha shule ikifunguliwa wiki ijayo. Siku hiyo niseme nini? Mwenzangu wa methali anasema niwapashe wazi kwamba ni wavivu. Mwingine anasema niwatie moyo, niwaambie kila mmoja wao ana akili sana. Na tatu, huyu mtoto. Nimeanza kulinganisha mwandiko wake na madaftari niliyonayo. Nimtafute nimwombe radhi?

Ni mimi, mwalimu asiyelala.

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nimekisoma kikaratasi cha huyo mtoto nikakiweka chini, kisha nikakisoma tena. Nitafika kwake. Lakini niruhusu nianze na swali la nani mkweli, maana usipolivuka hilo utabaki hapo hapo ulipo.

Mwaka 1964 watafiti watatu wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo, waliokuwa wakijifunza saikolojia ya elimu, kazi ya kufundisha hesabu watoto wawili wasiowaona, sauti ikipita kwenye chombo. Kumbe hao watoto hawakuwepo. Majibu yao yalikuwa yameandaliwa na watafiti wenyewe. Mtoto wa kwanza alifanya vizuri tangu mwanzo. Wa pili alianza vibaya, na hapo ndipo penye jambo. Mwalimu alipoonyeshwa kwamba huyu wa pili amepanda, alisema ni matunda ya mafundisho yake. Alipoonyeshwa kwamba bado yuko chini, alisema tatizo ni mtoto. Miaka 10 baadaye, mwaka 1974, Lee Ross na wenzake wakafanya jaribio linalokaribiana na hilo, safari hii wakiwemo walimu wenye uzoefu, wakakuta kinyume chake: mtoto akifaulu walimu walimpa sifa mtoto, akifeli wakajibebesha wao lawama.

Nimekutajia yote mawili kwa makusudi, kwa sababu wewe mwenyewe umepita kote kuwili ndani ya wiki mbili. Ofisini kwa mkuu uliwatwisha wao. Kitandani usiku unajitwisha wewe. Wanao nao wamefanya yale yale: aliyefaulu amejisifu, aliyefeli ameitafuta sababu mahali ambapo haitamuumiza sana. Hakuna mwongo hapo. Kila mtu ameshika sababu inayomwezesha kulala, ila wewe ndiye uliyeikosa ya kwako, na ndiyo maana umeniandikia.

Lakini angalia: katika hukumu zote ulizozitoa, ya ofisini na ya kitandani, karatasi za mtihani zimekaa kabatini. Tangu uzisahihishe hujazirudia. Nitakurudisha kwenye kabati hilo baadaye.

Kuhusu methali ya mwenzako. Ni methali nzuri, na walioitunga walimjua binadamu. Ila mkulima anayeijua mbaazi anajua vilevile kwamba iko miaka ambayo jua limezidi kweli, na iko miaka ambayo mbegu ilipandwa kwa kuchelewa. Hamalizi kazi yake kwa kumwambia mbaazi aache visingizio. Anakwenda shambani kuangalia. Katika vikaratasi vyako, "mwalimu anakwenda mbio" inaweza kuwa kisingizio na inaweza kuwa kweli tupu, na wewe una namna ya kujua: chukua daftari la mwanafunzi wa kawaida, hesabu ulifundisha mambo mangapi mapya kila kipindi na ulibakiza dakika ngapi za mazoezi. Maswali ya mtihani nayo yaweke kando ya maswali ya darasani uone kama yanafanana. Hiyo ni kazi ya saa moja, na itakupa jibu ambalo huruma na hasira haziwezi kukupa.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali zaidi. Sababu ambayo mtu anajipa baada ya kufeli haiishii kwenye kueleza yaliyopita. Ndiyo inayoamua atafanya nini kesho yake. Mwanasaikolojia Fritz Heider aliandika mwaka 1958 kwamba kila mtu, hata asiyesoma elimu hiyo, huishi akitafuta sababu za mambo yanayompata. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bernard Weiner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akalipeleka wazo hilo darasani. Aliona kwamba wanafunzi hutaja zaidi sababu nne: akili, bidii, ugumu wa kazi na bahati. Kisha akauliza kuhusu kila sababu: je, imo ndani ya mtu au nje yake? Itadumu au itapita? Ana uwezo wa kuibadilisha au hana?

Vipitishe vikaratasi vyako kwenye maswali hayo. "Niliyoyasoma hayakutoka" ni sababu ya nje inayopita. Mtoto huyo anaumia kidogo, na huenda akajaribu tena, ingawa pia huenda akakaa kusubiri bahati igeuke. "Sikusoma" imo ndani, inapita, na iko mikononi mwake. Wale watatu walioandika hivyo ndio wasionitia wasiwasi kabisa. Lakini "kwetu hakuna mwenye kichwa cha hesabu" imo ndani, inadumu, na hana la kuifanya. Mtoto aliyeshika sababu hiyo akiacha kusoma hafanyi uvivu. Amepiga hesabu iliyo sahihi kwa taarifa alizonazo: kama kichwa hakipo, kukesha kuna faida gani? Wewe utamwona ameinamia dawati anachora, utasema hajitumi. Yeye mwenyewe anajua alishaaga zamani.

Na hapa Mwalimu lazima nikwambie jambo ambalo litauma, kwa sababu wewe ni mtu wa kuumia na si wa kupuuza. Huyo mtoto hakukusikia vibaya. Mwaka 1984 Sandra Graham alichapisha utafiti aliowafanyia watoto wa umri wa miaka 11 hivi. Walipewa mafumbo, yakapangwa wasiyaweze. Mtu aliyekuwa akiwasimamia aliwaonyesha baadhi yao huruma, wengine akawaonyesha hasira kidogo. Watoto waliohurumiwa walielekea kusema wameshindwa kwa sababu hawana uwezo. Waliokasirikiwa walielekea kusema hawakujitahidi vya kutosha. Mtoto hasomi maneno tu. Anausoma uso, anausoma na mkono wa begani. Anajua kwamba mtu hukasirikiwa kwa jambo ambalo angeweza kulifanya, na huhurumiwa kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Ulipomhurumia kwa zoezi moja tu, la kwanza kabisa, ulimpa taarifa kuhusu kichwa chake. "Nikajua umeshajua." Sijaona maelezo yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Simaanishi uanze kukasirika. Hasira ina majeraha yake, na mtoto anayekasirikiwa kila siku hujifunza kuogopa somo zima. Ninachosema ni kwamba huruma yako uihamishe mahali. Uihamishe kutoka kwenye maneno ya kumfariji uipeleke kwenye dakika 10 za kukaa naye na lile swali lililomshinda. Hapo naye anasoma uso wako, na anachosoma ni kwamba unaona jambo hili linawezekana.

Halafu lile la kutoulizwa tena maswali. Huenda hukukusudia. Mary Budd Rowe, aliyekaa miaka mingi akipima ukimya wa darasani, alikuta kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumpa mwingine au kujibu wenyewe, na kwamba wanaowaona wazuri huwasubiri muda mrefu kuliko wanaowaona dhaifu. Mwalimu anayesubiri sekunde 3 hupata majibu marefu zaidi, na hata wale wasiozoea kusema huanza kusema. Sekunde mbili za nyongeza, Mwalimu. Jaribu kuhesabu kimoyomoyo siku ya kwanza utakayorudi. Utaona zilivyo ndefu na zinavyotisha.

Nije kwa wale wenzako wawili. Anayetaka uwaambie wote wana akili sana anakosea kwa wema. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Baada ya kazi rahisi waliyoifanya vizuri, wengine waliambiwa wamefaulu kwa kuwa wana akili, wengine kwa kuwa wamefanya bidii. Kisha wote wakapewa kazi ngumu wakashindwa. Waliosifiwa akili wakakata tamaa mapema zaidi, wakaifurahia kazi kidogo zaidi, na kwenye kazi ya mwisho, iliyokuwa rahisi kama ile ya kwanza, wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Ukimwambia mtoto amefaulu kwa akili, siku akifeli atafanya hesabu ile ile kwa kurudi nyuma. Tena watoto 26 waliofeli watajua unawadanganya, kwa kuwa alama wameshaziona.

Anayetaka uwaite wavivu naye ana kipande cha ukweli, lakini kipande chenyewe hakiwafai wote. Dweck alichapisha mwaka 1975 utafiti aliofanya na watoto 12 waliokuwa wakikata tamaa kabisa kila wakishindwa hesabu. Nusu walipewa maswali mepesi ya kufaulu tu, siku baada ya siku. Nusu waliachwa washindwe mara moja moja, na kila wakishindwa waliambiwa walihitaji kujitahidi zaidi. Mwishoni wale waliozoeshwa kufaulu tu walipokutana na kushindwa waliporomoka kama zamani. Waliofundishwa kuiona bidii kuwa ndiyo iliyopungua waliendelea, na wengine wakafanya vizuri zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo ndiyo, kumwambia mtoto "ungeongeza bidii" kunaweza kumfaa, iwapo bidii ndiyo iliyopungua kweli.

Lakini mchukue yule wa herufi kubwa. Alikesha siku tatu. Ukisimama mbele yake ukasema "mlikuwa wavivu," umemfanyia nini? Sababu nyepesi uliyompa anajua si ya kweli, na sababu pekee inayobaki mezani ni ile nzito: mimi sina akili. Martin Covington na Carol Omelich waliieleza shida hii mwaka 1979, wakaiita bidii kisu chenye makali kuwili. Mwalimu humwadhibu zaidi asiyejitahidi. Mwanafunzi naye huona aibu kubwa zaidi anapojitahidi akafeli mbele ya watu, kwa sababu hapo hana pa kujificha. Matokeo yake ni yule kijana anayejitangaza kwamba hakufungua daftari. Wakati mwingine si kweli, alifungua. Anajiwekea godoro chini kabla hajaanguka. Hata hao watatu wako waliosema hawakusoma, siwezi kuapa kwamba wote walisema kweli.

Mtu wa kukesha anahitaji neno jingine, na neno hilo ni njia. Muulize alisomaje. Nakubashiria atakwambia alisoma daftari mara nyingi, akapigia mistari, akanakili mifano yako mpaka ikamkaa. Kusoma kwa kurudiarudia kunadanganya, kwa kuwa kila unaporudia ukurasa unauona umezoeleka, na mazoea hayo mtu huyadhania kuwa ni kujua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha vizuri mwaka 2006: wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena walifanya vizuri kuliko wenzao wakipimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kuangalia ndio waliokuwa mbele, na si kwa tofauti ndogo. Mtoto wako alifanya kazi siku tatu kwa njia isiyomlipa, na hakuna aliyemwambia. "SIJUI" yake ni jibu la kweli kuliko yote uliyoletewa.

Basi twende kabatini. Kabla shule haijafunguliwa zitoe karatasi zile 26 na uzisome bila kalamu nyekundu. Usitafute alama, tafuta aina za makosa. Nimefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuanza kuandika hapa, na katika aljebra makosa huwa machache kuliko yanavyoonekana. Ni yale yale yanayojirudia kwa watu wengi. Mtoto anapewa 5 − 2(x − 3). Anafungua mabano anaandika 5 − 2x − 6, kwa sababu ameizidisha 2 lakini ile alama ya kutoa ameiacha nje ya mlango. Jibu lake linakuwa −1 − 2x badala ya 11 − 2x. Kosa hilo moja likikaa kwenye maswali manane, mtoto anakosa maswali manane, nawe unaona mtoto asiyejua kitu. Kumbe hajui kitu kimoja. Hiyo nayo ni sababu, Mwalimu, tena imo ndani yake, inapita, na inaweza kuondolewa kwa vipindi viwili.

Siku ya kurudisha karatasi usihutubie. Andika ubaoni makosa manne au matano uliyoyakuta mara nyingi zaidi, bila jina la mtu, na pembeni ya kila moja uandike ni karatasi ngapi zilikuwa nalo. Kila mtu atafute kwenye karatasi yake alama alizozipoteza kwa kosa lipi. Ukikuta kosa ambalo limewapata karibu wote, sema wazi kwamba hilo nilifundisha vibaya au kwa haraka, na tutalirudia leo. Hapo utakuwa umebeba sehemu yako bila kujichapa viboko, na wao watakuwa wamebeba ya kwao bila kuitwa vilaza. Kisha wape mtihani mwingine mfupi wa mambo hayo hayo baada ya wiki mbili, ili waone kwa macho yao kwamba alama inasogea. Ahadi ya maneno kwamba watapanda haitoshi kwa mtoto aliyezoea kushuka.

Kama wapo wanafunzi wa madarasa ya juu waliowahi kufeli hesabu kwako wakapanda, mlete mmoja azungumze robo saa. Timothy Wilson na Patricia Linville walifanya kitu kama hicho mwaka 1982 na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo waliokuwa na wasiwasi juu ya alama zao. Waliwaonyesha wakubwa wao wakieleza kwamba mwanzo huwa mgumu na alama hupanda. Waliosikia hayo, wachache zaidi kati yao waliacha chuo, na alama zao zilipanda kuliko za wasiosikia. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo, na tafiti kubwa zilizofuata kuhusu kubadilisha fikra za wanafunzi zimeonyesha faida ndogo ndogo, siyo miujiza. Kwa hiyo usitegemee hotuba ya mkubwa ifanye kazi ya mabano. Lakini mtoto anayedhani ni yeye peke yake aliyekwama anahitaji kumwona mtu mzima kidogo aliyekwama pale pale akanasuka.

Kwa mkuu wa shule rudi pia. Umemwachia neno "hawajitumi" na litakaa kwenye kumbukumbu zake na kwenye mikutano ya wazazi. Mpelekee jedwali la makosa. Mama wa yule mtoto wa "kwetu hakuna" naye akija, mwombe kwa heshima asiseme tena mbele ya mtoto kwamba alikuwa kilaza. Anadhani anamliwaza, kama wewe ulivyodhani.

Nimefika kwa mtoto wako.

Usiulinganishe mwandiko. Uliwaambia wasiandike majina nao wakakuamini, na huyu alikuamini kuliko wote. Ukimwita pembeni ukamwambia "najua ni wewe," hatakuandikia tena kitu cha kweli, na wenzake wakisikia nao watajifunza kunyamaza. Isitoshe, umesema mwenyewe kwamba maneno yale uliwaambia wengi. Basi deni ni la wengi. Liombe radhi darasa zima, kwa maneno yale yale uliyoyatumia, usiyalainishe: "Kuna baadhi yenu niliwaambia hesabu si ya kila mtu. Nilikosea. Nilisema hivyo kabla sijaangalia ni nini hasa kilikuwa kinawashinda." Usiongeze maelezo. Usiseme ulikuwa na nia njema; wanajua, na ndiyo maana iliwaumiza. Baada ya hapo geukia ubao uanze na mabano.

Kisha siku hiyo hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, uliza maswali kwa watu ambao hujawauliza muda mrefu. Weka orodha ya majina mezani, uweke alama kila unayemuuliza, usubiri sekunde zako tatu. Akikosa, usimwekee mkono begani na usihamie kwa mwingine. Muulize amefikaje hapo, hatua kwa hatua, mpaka muone wote wawili alipopotelea. Mmoja wa hao ndiye aliyeandika. Hutajua ni nani, lakini yeye atajua kwamba ameulizwa.

Ukishazipitia zile karatasi 26 niandikie. Nataka kujua ni ngapi zilizokwama kwenye mabano.

Shangazi yako.